Kiti cha Mbele cha Landrova ya Ihembe

Nilipomwambia mke wangu kwamba nakwenda Ihembe kuangalia landrova ya zamani inayouzwa, aliendelea kumenya ndizi.

"Kuangalia si vibaya," akasema. "Hata makaburi watu huyaangalia."

Nilikuwa na hoja. Mimi ni mwalimu, nimesoma chuo kikuu, hoja sikosi. Gari la zamani ni chuma kitupu, halina kompyuta, na fundi yeyote mwenye nyundo atalimudu. Sababu yenyewe sikuitaja. Utotoni mwangu landrova hiyo ilikuwa ya jirani yetu, mnunuzi wa kahawa. Sisi watoto alitupakia nyuma, juu ya magunia. Mbele alikaa yeye na kofia yake. Kofia ilikuwa na kiti chake peke yake. Kwa miaka arobaini nimeionea wivu kofia.

Nilikwenda na fundi kutoka Kyerwa, mtu asiyejua kukataa kazi. Mjane wa yule jirani alitupokea uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Waitu, umenenepa! Utaenea kweli humo?"

Gari lilikuwa juani kando ya migomba, magurudumu yamezama udongoni. Fundi alipofungua mlango wa nyuma, harufu tamu ilitupiga usoni. Ndani, toka sakafuni hadi madirishani, ilikuwa mikungu ya ndizi za pombe iliyofunikwa majani.

"Naivishia humo," mama akaeleza. "Wenzangu wanachimba shimo, wanawasha moto, wanalizwa na moshi. Mimi nafunga mlango tu. Siku ya nne nakamua, napata pombe yangu ya rubisi. Tangu mzee afariki, gari hili halijanigomea hata mara moja."

"Lakini mama, si ulisema unauza?"

"Nilisema uje ulione."

Fundi alijipenyeza chini ya gari, akagongagonga, akatoka akipangusa mikono.

"Mwalimu, nikwambie kweli? Gari hili ni zima, linafanya kazi. Ukilinunua ndipo litakapoharibika."

Mama alicheka mpaka akaushika mgomba. Mimi nilikuwa nautazama mlango wa mbele.

"Wewe hasa unataka nini?" akaniuliza.

Aibu ilinishika, lakini nikamsimulia habari za kofia. Aliacha kucheka. Akanishika mkono kama mtoto wa shule, akanipeleka mbele, akaufungua mlango.

"Haya, mwanangu, kaa. Huhitaji kununua gari ili ukae."

Niliinua mguu. Kwenye kiti cha kofia alikuwa amelala kuku mwekundu, amejaza kiti, ananitazama kama karani mwenye foleni ndefu.

"Aa, huyo usimguse," mama akasema. "Anaatamia."

Nilirudi nyumbani Kayanga kwa bodaboda, nimekumbatia kichane cha ndizi mbivu alichonipa.

"Umelinunua?" mke wangu akauliza.

"Nimekuta nafasi imeshachukuliwa."

"Na nani?"

"Kuku," nikasema, nikamkabidhi ndizi.