Ng'ombe Aliyewekwa Dau Kirua Vunjo

Filemon alirudi nyumbani Jumamosi jioni akiwa mkimya kupita kiasi, na Dominika, mkewe, akajua kuna jambo. Hakuhitaji kumbana sana. Mume alikuwa amecheza karata za poka na Sirili kwenye kilabu cha Zita, mbege, ile pombe ya ndizi, ikampanda kichwani, akaweka dau ng'ombe, akashindwa. Sirili angekuja kumchukua Jumatatu.

Sasa, huyo alikuwa ng'ombe wa Filemon kwa jina tu, kama walivyo ng'ombe wengi wa wanaume wa Kirua Vunjo. Aliyeteremka tambarare kumkatia majani na kupanda nayo mlima kichwani ni Dominika. Aliyemkanda kiwele kilipovimba ni Dominika. Kahawa ilipokosa bei, maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyowaweka watoto shuleni. Dominika alilia kwa hasira, akampa mumewe maneno yake yote, hakubakiza. Kesho yake, misa ilipokwisha, hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Zita.

Sirili alikuwa wakala wa kahawa. Tangu watu binafsi waruhusiwe kuinunua, alikuwa amepata pikapu, miwani ya jua na sauti ya juu. Yeye ndiye aliyeileta poka kijijini, na aliicheza kama alivyoendesha ile pikapu, honi mbele na breki hana habari nazo. Akipata karata nzuri anapandisha dau. Akipata mbovu anapandisha zaidi. Wengi walijitoa kwa woga, lakini wengine walishindwa hata kujitoa, kwa sababu ya sheria ya pale kilabuni: kila mkono, yaani kila mgao wa karata, ukiisha, kata ya mbege inapita kwa waliobaki mchezoni, na aliyejitoa anarukwa. Mwanamume wa Kirua akirukwa kata mbele ya wenzake, atasikia habari hiyo mpaka Krismasi. Basi walibaki na karata zao za hovyo, wakanywa, wakaliwa.

"Shemeji," Sirili alisema alipomwona, "umekuja kunililia ng'ombe?"

"Nimekuja kumshindania kwa karata. Nikishindwa, chukua na cherehani yangu."

Watu walicheka. Sirili hakuwa mtu wa kukataa dau, sembuse la mwanamke. Zita mwenyewe akawagawia maharage sawa sawa yawe vihesabio. Atakayeishiwa maharage ndiye ameshindwa. Hakuna aliyejua kwamba Dominika, enzi za usichana wake, aliwahi kufanya kazi jikoni kwa Mgiriki mwenye shamba la kahawa, na kwamba mke wa Mgiriki, kwa upweke wa masika, alimfundisha poka ili apate wa kucheza naye.

Alianza vibaya. Mama yule wa Kigiriki alikuwa mwoga, ukimpandishia dau kwa uso mkavu anaweka karata chini. Dominika akajaribu dawa ileile kwa Sirili. Alikuwa hana kitu mkononi, akasukuma maharage mengi mbele na kumkazia macho. Sirili wala hakumtazama. Akafuata, akaongeza juu yake, Dominika akalazimika kuweka karata chini, na lundo zima likaenda kwa Sirili. Dominika akamwona akilini ng'ombe wake akipandishwa kwenye pikapu.

Ndipo alipojiuliza swali la maana: mtu asiyeogopa, unamtishia nini? Huyo hatishiki, anasubiriwa.

Akaanza kujitoa. Karata mbovu, anaweka chini. Karata za kubahatisha, anaweka chini. Kila mara kata ilimruka ikaenda kwa Sirili, na wanaume wakapiga makofi.

"Mama Denis, utakufa na kiu," Zita alimtania.

"Mbege napika mwenyewe nyumbani, mae. Sina haraka nayo."

Hapo ndipo sheria ya kilabu ilipowageuka walioitunga. Dominika hakuona aibu hata chembe, na Sirili, kwa kushinda vidau vidogo vidogo, alizidi kunywa na kujiona mfalme. Mara Dominika akapata malkia watatu. Hakupandisha. Aligusa meza kwa unyonge kuonyesha kwamba haongezi kitu, na Sirili, kama kawaida yake, akamwaga maharage. Dominika akafuata huku akiguna kama mtu anayejuta. Sirili akamwaga tena. Karata zilipofunuliwa, mbele ya Dominika pakawa na lundo kubwa kuliko la mwenzake.

Mtu mwenye akili angepunguza mwendo. Sirili alikasirika. Mkono uliofuata alisukuma maharage yake yote katikati, kabla hata hajaketi vizuri.

Dominika alikuwa na wafalme wawili, basi. Si karata za kujivunia; mbele ya mchezaji mtulivu angeziweka chini. Lakini alikuwa amemtazama Sirili mchana kutwa akipandisha kila mkono, na hakuna binadamu anayepata karata nzuri kila mkono.

"Nafuata," alisema.

Sirili alifunua saba mbili na takataka. Zita alipiga vigelegele, na wanaume waliokuwa wakimcheka Dominika wakaanza kugombania nani amnunulie kinywaji. Sirili alivua miwani yake.

"Kwa wafalme wawili tu, shemeji?"

"Kwako wewe walitosha."

Zita akamletea kata ya kwanza. Dominika aliinywa yote amesimama, akafuta midomo, akashukuru kwa Kichaga, aika, akapanda njia ya nyumbani akicheka peke yake kati ya migomba.

Filemon alikuwa amekaa mlangoni mwa zizi. Aliposikia habari alishika kichwa kwa furaha.

"Mungu mkubwa. Ng'ombe wangu amerudi."

"Baba Denis," Dominika alimwambia taratibu, akichukua kibuyu cha kukamulia, "wako ulimpoteza jana. Huyu nimemshinda mimi leo, mashahidi wamejaa kwa Zita. Ukitaka maziwa ya chai, omba."

Filemon alimtazama mkewe, akamtazama ng'ombe. Kisha akaomba.