Picha Zilizotakiwa Kufifia

Mara ya kwanza kumwona alikuwa juu ya ngazi mbele ya bucha, anabishana na mwenye bucha bila kugeuka. Mwenye bucha alitaka neno "safi" liandikwe mara mbili.

"Nyama ikiwa safi, mara moja inatosha," alisema yule wa kwenye ngazi. "Ukisema mara mbili watu wataanza kunusa."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na mwenye bucha naye akashindwa kujizuia. Mimi nilikuwa nimesimama chini na ubao begani. Nilikuwa nimeagizwa niupeleke kwa mchoraji wa mabango, na sikujua nimwite vipi mtu niliyekuwa simjui, tena mkubwa kwangu. Nikasubiri mpaka aliposhuka mwenyewe. Aliutazama ubao kabla ya kunitazama mimi, akapitisha kiganja juu yake.

"Nani kaupiga randa?"

"Mimi."

"Basi kuanzia leo utakuwa unaniletea wewe."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa seremala wake. Mtaani walimwita Herufi, na jina lilimkaa hata mkewe akalizoea. Maduka ya barabara yetu, kuanzia kwa kinyozi hadi kwa muuza magodoro, yalibeba mkono wake. Alipaka kamba unga wa chaki, akaivuta na kuiachia ukutani, mstari ukabaki, kisha akaandika kwa brashi moja kwa moja bila kuchora penseli kwanza. Nembo na picha alizichora pia, ila alizihesabu kuwa kachumbari tu. Chakula chenyewe kilikuwa herufi.

Kitu kimoja hakukivumilia, nacho ni rangi iliyopauka. Jua likila bango lake alirudi na kopo lake na kulipaka upya, mwenye duka ametaka au hakutaka. "Bango lililopauka," alisema, "ni sawa na mimi nipite barabarani bila suruali." Mkewe, ambaye alishona nguo barazani kwao, alimjibu kwamba hayo hata angeyafanya hakuna ambaye angegeuka kutazama.

Kisha akapata kiharusi. Brashi ilimponyoka asubuhi moja akiwa kazini, akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Hospitali walimrudisha nyumbani mdomo umekwenda upande na mkono mzito. Vyote viwili vilirudi kidogo kidogo. Mdomo ukanyooka, akaanza tena kutania watu. Mkono ukashika kikombe, halafu penseli, halafu brashi. Akachora kuku, kuku akawa kuku hasa. Lakini alipotaka kuandika neno lenyewe, aliandika mwanzo wake akasimama, au akaweka herufi ambazo hazikuwa na kazi pale.

"Neno ninalijua, Fundi," aliniambia. "Nalisikia kabisa. Nikienda kulichukua nakuta nyumba tupu."

"Herufi zimekuhama," mkewe akasema kutoka kwenye cherehani. "Zimeona umezeeka, zimemtafuta kijana."

Alicheka, lakini nilimwona akifuta ile karatasi kwa kiganja, kama vile aliyoandika yangetoka.

Hospitali walimtuma mtaalamu wa usemi, binti mpole aliyekuja na begi la karatasi. Herufi alimwita Mwalimu, ingawa alikuwa rika la mtoto wake wa kwanza. Yule binti alisema kwamba kama kichwa kimepoteza njia ya herufi lakini bado kina njia ya picha, basi herufi zipandishwe juu ya picha zipite nazo. Neno liandikwe ndani ya umbo la kitu chenyewe. Mgonjwa alitazame, afumbe macho, alione mle gizani, aliandike bila kutazama, kisha alinganishe.

Karatasi Herufi hakuzitaka. Aliniomba mabaki ya plaiwudi, nikamkatia vibao vya ukubwa wa daftari, na picha akachora mwenyewe. Kwenye kikombe, herufi ya mwisho ilijikunja ikawa mkono wa kushikia. Kwenye ng'ombe, ile alama ndogo ya juu, ambayo ndiyo ilikuwa ikimtoroka kila siku, aliigeuza kuwa nzi aliyetua mgongoni. Tangu siku ile hakuisahau tena. "Huyu nzi," alisema, "amenisumbua kuliko ng'ombe mwenyewe."

Maneno yakaanza kurudi. Yalirudi kweli, nami niliyaona. Mkewe aliinua kibao, Herufi akatazama, akafumba macho, midomo ikimchezacheza, kisha akaandika neno zima bila kosa. Baada ya muda hakuhitaji hata kufumba macho. Alikuwa na hamu moja tu, kupanda tena ngazi. Kila nilipofika aliniuliza kama kuna duka jipya linafunguliwa.

Mwalimu akahamishiwa kituo kingine kwa miezi kadhaa. Kabla ya kuondoka aliwaachia Herufi na mkewe sharti moja, ambalo mimi nilikuja kulisikia baadaye. Neno likishakaa, picha yake ififishwe. Ipakwe tena kwa rangi hafifu, halafu hafifu zaidi, mpaka ipotee na herufi zibaki peke yake.

Herufi hakufanya hivyo. Sidhani kama alikataa. Nadhani mkono wake haukujua kufanya kazi ya namna hiyo. Vibao vilishikwashikwa vikachafuka, naye alipoona picha imeanza kufifia yenyewe, alichukua brashi akairudishia rangi. Akaongeza kivuli. Akaongeza mng'ao kwenye jicho la ng'ombe. Mkewe akavitundika sebuleni, wageni wakawa wanaingia kutazama, na kila aliyeingia alimsifu. Ilikuwa vigumu mtu kukaa mbele ya vibao vile na kufikiri kwamba kuna kitu kimeharibika.

Ndipo likaja duka la dawa. Mwenye duka alitaka maandishi matupu ukutani. "Michoro sitaki, mzee. Hapa siuzi vitu vya kuchezea." Herufi akakubali bila hata kuniuliza kama nina nafasi ya kumshikia ngazi. Nilikwenda kumshikia.

"Duka la" ilitoka vizuri, herufi nene, zimesimama wima kama zamani. Nikajikuta natabasamu peke yangu huku nimeinamia ngazi. Kisha akasimama. Akatoa chaki mfukoni, akachora chupa ndogo pembeni, akaitazama, akaandika "dawa", akaifuta chupa kwa mkono wa shati. Nikajua anachofanya, nikaona ni ujanja mzuri. Lakini baada ya hapo ilifuata "na vipimo kwa bei nafuu". Bei nafuu inachorwaje? Chaki ilizunguka hewani, ikagusa ukuta, ikatoka. Akafumba macho. Mle gizani, nadhani, hapakuwa na kitu.

"Herufi, leo rangi imegoma au mkono?" mpita njia alitania.

Mwenye duka akatoka nje. "Mzee, vipi?"

"Linakuja."

Halikuja. Alipaka nukta moja, akaifuta. Mwishowe alishuka, akafunga kopo lake vizuri, akaniambia, "Tuondoke, Fundi." Ukuta ulimaliziwa na mchoraji mwingine wa upande wa pili wa soko.

Mwalimu aliporudi alikuta vibao vinang'aa sebuleni. Alivipitia kimoja kimoja bila kuvua begi.

"Mzee, hizi picha zilitakiwa ziwe zimeshafutika."

"Kazi yangu haifutiki, Mwalimu."

"Ndiyo shida yenyewe. Akili imeng'ang'ania picha. Ukiiondoa, neno litayumba kwanza, halafu litasimama. Tunaweza kuanza tena, hatujachelewa. Tuanze na moja tu."

Mwalimu alinitazama mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa na msasa. Herufi akatikisa kichwa kukubali, akamtoa ng'ombe ukutani mwenyewe na kunipa. Nikaanza mkiani, polepole, nisizidishe. Vumbi la kahawia likaangukia magotini mwangu. Mkewe alisimamisha cherehani. Mkia ulipotoweka na ubao ukaonekana, Herufi alinyoosha mkono na kukitwaa kibao.

"Basi, Fundi. Basi."

"Baba," mkewe akasema, "wewe unataka kazi au unataka ng'ombe?"

"Nataka vyote."

"Vyote haviwezekani," Mwalimu akasema kwa upole.

"Basi nipumzike kwanza."

Mwalimu alirudi wiki iliyofuata, na nyingine. Mara aliambiwa mzee amelala, mara ametoka. Akikwepwa namna hiyo, hata mtu mvumilivu hupunguza safari, naye alikuwa na wagonjwa wengine waliomsubiri. Herufi alipaka kuta za vyumba, kazi isiyotaka neno hata moja. Vibao vilibaki sebuleni, yule ng'ombe akiwa hana mkia, na sikumwona tena akiuchora. Nilidhani angeuchora kesho yake tu.

Mwishoni binti yake aliyeolewa mbali aliwataka wazee wakaishi kwake. Huko ndiko alikofia, kiharusi kilipomrudia. Msiba niliusikia kwa simu kutoka kwa shemeji, yaani mkewe, naye ndiye aliyeniomba niandike haya, kwa kuwa yeye, alisema, akianza analia.

Siku wanaondoka nilikwenda kusaidia kupakia. Tulifunga cherehani juu ya gari la mkwe wao, tukaingiza magodoro na masufuria. Vibao vilikuwa kwenye gunia, Herufi akalipakata mwenyewe. Shemeji alishakaa ndani, anamkumbusha mkwe wake asikimbize gari. Nikasema safari njema, mzee. Alishusha kioo, akalitazama gunia, halafu mikono yangu.

"Fundi," alisema, "siku ile heri ningekuacha umalize."