Shafti Fupi, Njia ya Moa

Gari langu lilikufa giaboksi wiki ile ile mke wangu alipozidiwa. Yeye alikuwa kijijini Moa kwa dada yake, tumbo limejaa maji, na hospitali iko mjini Tanga. Kukaa juu ya bodaboda hawezi. Basi tegemeo likawa gari.

Nikalipeleka mtaa wa Mabawa kwa fundi mmoja Mbondei, mtani wetu sisi Wadigo. Huyo naye ana ulimi! Harusini kwa binti yangu aliwatania wakwe mpaka pilau ikapoa. Giaboksi ya gari lile haikupatikana, akatia ya gari jingine. Ikakaa. Ila shafti, vyuma vile vinavyotoka giaboksi kwenda kuzungusha tairi za mbele, zikagoma: zetu meno hayaingii giaboksi, za lile gari jingine haziingii kwenye tairi. Akazifungua, akaoanisha kichwa cha hii na mkia wa ile. Ya kushoto sawa. Ya kulia ikawa fupi, kama upana wa kidole.

"Itachomoka hiyo," nikamwambia.

"Mdigo kasomea wapi ufundi? Ngoja, babu, tuipime."

Kwetu gari hupimwa kwa mzigo. Wakapanda mafundi wenziwe, wakaruka-ruka mpaka springi zikalia. Shafti haikutoka.

"Limepona, babu. Limekataa kufa kama wewe."

Nikacheka. Kumbe uzito si kitu. Tairi likibonyezwa, shafti inaingia ndani. Tairi likining'inia, ndipo inavutwa nje. Gari lile hakuna aliyelinyanyua.

Kwenda Moa lilikwenda. Mie na dada yake tukamlaza mke wangu kiti cha nyuma, nikaanza kurudi naye. Nje kidogo ya kijiji mvua ilikuwa imekata barabara. Tairi la kulia likatumbukia, likaning'inia, nikasikia kwaa! Oili ikamwagika mchangani. Injini yanguruma, gari haliendi.

Ikatokea bodaboda. Tukamkalisha katikati, nikamfunga kwa kanga zake mgongoni kwa dereva, mie nyuma nimemkumbatia.

"Unanibana," akasema.

"Vumilia, mke wangu."

"Unanibana, sipumui."

Nikalegeza. Akaanza kuteleza, nikakaza. Hakusema tena.

"Bibi yu vipi, mzee?" dereva akauliza bila kugeuka.

Nikamwambia twende tu. Tulipoikuta lami alishakuwa mzito, kichwa chake chanigonga kifuani kila shimo, na mie bado nimekaza.