Nilimwaibisha Muzee kwa Sababu ya Rada

Yule muzee alinifundisha kufungua injini wakati sikujua hata kushika ufunguo wa kukazia nati. Nilipofungua garaji yangu hapa Goma nikamwita: yeye kwenye vyuma, mimi kwenye valizi, ile kompyuta ya kusoma makosa ya gari. Nilijiona mukubwa kabisa. Mungu anisamehe.

Akaja mfanyabiashara wa Butembo na jeep yake ya kwenda Kampala. Ina rada nyuma ya parshoki ya mbele, ile bampa. Ikiona gari karibu inapunguza mwendo yenyewe. Sasa ilikuwa inafunga breki kwenye barabara tupu. Alikuwa amegonga ng'ombe kule Kalengera, na wiki iliyotangulia muzee ndiye aliyenyoosha ile parshoki.

Nikachomeka valizi. Ikasema rada imepinda. Nikasimamisha kibao cha kupimia mbele ya gari, nikahesabu umbali, nikaanza kuipanga rada upya. Ikakataa. Tena, ikakataa. Mara ya tatu kliyenti, yule mfanyabiashara, alikuwa anaangalia saa na mimi jasho linanitoka. Nikapayuka, garaji nzima ikisikia: "Ni muzee! Kile chuma cha kushika rada alikiweka kwa macho tu. Hizi si gari za zamani."

 Muzee akapangusa mikono, kidole kwa kidole. Kliyenti akamukataza kugusa gari yake tena, na habari ikazunguka kwa wafanyabiashara wenzake wote. Kesho yake muzee hakuja. Niliona haya kumufuata, nikajidanganya kwamba nina kazi nyingi.

Miezi ikapita, kliyenti akarudi kwa mambo ya oili. Akaniambia kule Uganda rada ilikubali mara moja, bila mutu kugusa parshoki.  Alipoondoka nikachukua nivo ya masoni, ile ya kupimia usawa, nikaiweka chini. Yoo! Sakafu yangu ilikuwa imelala upande mumoja, vidole vitatu, na rada haipangiki kama gari haisimami sawa. Sisi hapa tunamwaga simenti juu ya mawe ya volkano na kuyafuata yanavyolala. Majuto ni mjukuu kweli.

Nilimukuta muzee nyumbani kwake Kanyaruchinya, anatengeneza mbabula, yale majiko ya makaa. Mutu aliyefungua injini za malori!

"Papa, ilikuwa sakafu yangu. Si wewe."

"Ninajua, mutoto wangu. Tangu siku ile. Buloni na nati zilikuwa zinabingirika zenyewe kwenda mulangoni."

"Mbona ulinyamaza?"

"Kliyenti alikuwa anasikia. Garaji yako ilikuwa bado changa. Ningesema, nani angekurudilia?"

Nikamuomba arudi kazini. Akatikisa kichwa.

"Makliyenti wakiniona pale watauliza: kumbe nani alikosea?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema: nitawaambia mimi, Papa, mumoja mumoja, kwamba kosa ni langu. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Nikamwambia mbabula zake ni nzuri.