Mwalimu wa Wachawi wa Guildford

Juzi, ndani ya treni ya kutoka Westmead, abiria aliyeketi mbele yangu alichanganya karata, na mlio ule mwembamba, kama wa mbawa za njiwa aliyekurupushwa, ukanirudisha utotoni, kwenye ua wetu wa Guildford, Sydney. Uso uliniwaka kwa aibu. Ndugu msomaji, wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa sababu.

Jirani yetu, Bwana Walter, alikuwa mzee mpole aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Alifundisha ufundi wa kuhadaa macho. Wanafunzi wake, watu wazima wenye kazi zao, walitoka pande zote za Sydney wakaketi jikoni kwake kujifunza kupoteza sarafu viganjani, na vitabu alivyoviandika juu ya sanaa hiyo vilijaza rafu nzima. Mimi aliwahi kunitoa yai sikioni. Mama, aliyetoka Kigoma na Kiingereza cha salamu tu, aliniuliza mzee yule hufanya kazi gani. Kiswahili changu kilikuwa cha kuombea chakula. Neno nililolijua lilikuwa moja.

"Ni mwalimu wa wachawi, Mama. Na ameandika vitabu."

Malimau ambayo Bwana Walter alituletea yaliishia kwenye pipa la taka. Jumamosi iliyofuata akina mama wa kikundi cha maombi walijipanga kando ya uzio, wakaimba, wakamkemea shetani huku wameinyooshea vidole nyumba ya jirani. Mama Rehema, mwenye sauti ya kupasua bati, aliamuru kila kitabu kiteketee.

Bwana Walter akatoka. Alivua kofia, akawatazama kitambo, kisha akageuza macho polepole kuelekea dirisha ambalo nyuma yake mkewe alikuwa amelala. Sote tukageuka. Akasema maneno machache.

"Anasema nini huyo?" Mama aliuliza.

"Anasema asanteni kwa kumwombea mke wake. Anaumwa sana."

Mikono ikashuka mmoja mmoja. Mama Rehema akajifanya anafunga upya kilemba chake. Hatimaye Mama akaninong'oneza, "Muulize mkewe anaitwa nani."

Wakamwombea Bi. Edith kwa jina lake, kwa sauti ya chini.

Tuliporudi ndani nilimsimulia Mama kisa cha yai. Akajifunika uso kwa kanga. "Hayo ni mazingaombwe, mwanangu. Mtu wa watu tumemkemea bure."

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba mzee hakutuelewa. Kisha, nikiwa chuoni, nilikikuta kitabu chake kimoja maktabani. Humo anafundisha kwamba ukitaka watazamaji waache kuutazama mkono wako, usiwaamuru. Tazama kwingine wewe mwenyewe, nao watakufuata.

Nilikaa na kitabu kile mapajani bila kufunua ukurasa mwingine. Mtu aliyewafundisha wenzake kuongoza macho ya watu hangeshindwa kuvisoma vidole vilivyonyooshewa nyumba yake. Alitutafutia pa kuelekeza macho, dirisha la mkewe, ili tusiione aibu yetu.