Nilimkalisha Mama Mkwe wa Ikwap Juu ya Tuta

Jamani, mmewahi kuona mwanaume mwenye ndevu akijitupa kwenye miiba kumkimbia bibi anayechambua maharage?

Mimi nimeona. Tena bibi huyo nilimleta mwenyewe.

Hapa kijijini Mella, wilayani Tororo, upande wa mtoni, mvua siku hizi haina adabu. Inakawia, halafu inamwagika yote kwa pamoja. Basi sisi wanawake tukainua tuta la kuzuia mto kwa majembe na karai, tukapanda matete juu yake ili mizizi ishike udongo.

Jirani yangu Ikwap akaona tumemlimia malisho.

"Ikwap, toa ng'ombe! Hilo tuta ndilo mlango wetu."

"Mama, nyasi ni ya Mungu. Umekuwa askari wa Mungu lini?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Mto ulipojaa, ulipita palepale kwato zilipobomoa. Ukabeba jiko langu na mbuzi wangu mwenye mimba. Nilimsikia akilia mpaka sauti ikaisha.

Ikwap akaja kunipa pole. Eti, "Ni tabianchi, mama."

Nikamwambia asante. Moyoni nikasema: utanijua.

Tukainua tuta upya. Halafu nikavaa gauni langu la gomesi, nikapanda boda mpaka soko la Busia, kwa Akiror, muuza samaki. Akiror ndiye aliyemzaa mke wa Ikwap.

Kwetu Wateso, mwanaume hamkaribii mama mkwe wake. Akimwona mbele, anakata kona. Akimgusa, ni aibu ya kusafishwa kwa mbuzi.

"Akiror, njoo upumzike kwangu. Kazi yako ni kukaa tu."

"Kukaa wapi?"

Nilipomwambia, alicheka mpaka samaki wakamponyoka.

Asubuhi Ikwap akaja nyuma ya ng'ombe, anapiga mluzi. Akaona kigoda juu ya tuta. Akaona aliyekikalia, anachambua maharage.

Mluzi ukakatika. Mtu miibani, mzima mzima!

"Ikwap, mbona huko?" nikamwita. "Si nyasi ni ya Mungu?"

"Mama, unaniua!"

"Bado."

Akahamishia ng'ombe bondeni, ng'ambo ya tuta, kando ya mto. Matete yetu yakapata nafasi, yakashika.

Mvua ikarudi. Maji yakapanda, tuta likasimama imara. Ikwap na ng'ombe wake wakabaki upande wa mto, na pa kupandia ni mahali pamoja tu: penye kigoda.

"Mwambieni mama aondoke!" alilia, maji kiunoni.

"Mwambieni apite," Akiror akajibu, anafunika uso kwa leso. "Leo mimi kipofu."

Angeweza kusogea. Nilimshika bega nikamwambia, "Kaa hapohapo."

Ikwap akatanguliza ng'ombe, akapanda, shati kichwani, haoni mbele. Akateleza, akaanguka kifudifudi kwenye mapaja ya mama mkwe wake!

Vigelegele tulivyopiga, nadhani Tororo mjini walisikia.

Jumapili akatuma mbuzi wa kusafisha aibu. Mbuzi mwenye mimba. Akiror akanikabidhi kamba. "Wako amerudi."

Sasa niwaibie siri. Akiror alisharudi Busia kwa samaki wake. Pale kwenye kigoda kuna mgomba niliouvisha leso yake.

Ikwap bado anauzunguka kwa mbali. Jana aliusalimia, amechuchumaa. Simu yake ni ya tochi, haina intaneti, haya hatayaona.

Kwa hiyo wenzangu mnaokaa kando ya mito, inueni matuta, pandeni matete. Kisha ulizeni kila mharibifu anamwogopa nani, mkamtafutie huyo mtu kigoda.