Betri Mbili za Kupanda Kibirichia

Kuna wakati nilichukia mazishi ya watu ambao hata sikuwajua. Si kwamba sina huruma. Ni kwamba kwetu mtu hazikwi bila spika, spika haisemi bila betri, na betri zenye nguvu katika kijiji kizima zilikuwa mbili, zote zimefungwa kwa vipande vya tyubu kwenye kerea ya baiskeli yangu.

Baiskeli yenyewe haikuwa ya kuchezea. Mke wangu alikuwa mwalimu, na katikati ya miaka ile ya tisini alihamishiwa shule moja ya sekondari huko juu Kibirichia, kwenye viazi na baridi. Sisi tulikaa chini, katika boma la baba yangu, na mimi nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio pale sokoni. Kutoka kwetu hadi shuleni kwake ni kupanda tu. Magari ya asubuhi yalitaka kwanza yajaze magunia ndipo yakumbuke watu, kwa hiyo alifika gwaride likiwa limekwisha. Mkuu wa shule akamwita, akamwambia kwa upole kwamba ndani ya shule kuna nyumba ya mwalimu iko wazi. Kufikia mwisho wa muhula, ama awe anafika mapema, ama ahamie humo.

Niliposikia habari ya nyumba, nilijiuliza itakuwaje. Mke wangu na mtoto wetu ambaye bado alikuwa ananyonya wakalale huko juu, mimi nibaki huku nikipasha ugali wa jana na kuwaona Jumamosi? Na kuwafuata lilikuwa jambo ambalo sikuthubutu hata kulitaja. Kwetu mwanamume akihamia katika nyumba aliyopewa mke wake, watu husema ameolewa. Na hawasemi pembeni. Wanakuja kwako, wanaketi, wanakunywa chai yako, halafu wanakuambia.

"Nitakutengenezea baiskeli ya stima," nikamwambia.

Alikuwa anachambua maharagwe, mtoto mgongoni. "Ya stima? Na hapa hatuna stima?"

"Ya betri."

"Haya," akasema, akaendelea kuchambua.

Nilichukua baiskeli nyeusi ya baba, ile nzito ya kubebea magunia, nikaifunga mota ya feni ya rejeta ya gari. Kwenye uwanja wa kanisa ilikwenda vizuri sana, na watu wakapiga makofi. Tatizo ni kwamba kwetu uwanja wa kanisa ndio mahali pekee palipo tambarare. Penye mlima wa kwanza mota ililia kama mbu, ikatoa moshi, ikanyamaza. Nilishuka nikaipiga teke, nikaumia kidole.

Nikaenda mjini, soko la Gakoromone, upande wa nyuma ya wauza kabichi ambako mafundi hukata magari yaliyokufa, nikapata stata ya pikapu iliyopinduka. Stata imeumbwa kwa kazi moja, kuamsha injini kwa muda mfupi kisha ilale. Nilijua hivyo vizuri kuliko mtu yeyote, lakini nilikuwa nataka nguvu, na nguvu ilikuwa nayo. Ukibonyeza swichi, baiskeli iliruka kama mbuzi aliyekanyaga siafu na mnyororo ukakatika. Nikaweka mnyororo wa pikipiki, ikawa gurudumu ndilo linapinda. Ili kuipunguza kasi nikapitisha umeme kwenye waya wa seng'enge niliouzungusha kama chemchemi ya kitanda. Ule waya ukawaka mwekundu ukachoma sketi ya mwalimu. Alifundisha siku hiyo akiwa amejifunga sweta kiunoni, na jioni aliiweka ile sketi juu ya meza yangu ya kazi. Nilitamani aniseme, angalau ningepata wa kugombana naye.

Juu ya hayo yote, mazishi. Ule mlima ulinishinda na betri moja, kwa hiyo nikaongeza ya pili, zote za lori. Sikujua kwamba kwa kufanya hivyo nimekuwa mali ya umma. Mzee mmoja wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alifika kibandani na vijana wawili na toroli.

"Muga, fundi," akanisalimu. "Tumekuja kwa hiyo mabetri yako."

"Ni za baiskeli ya mwalimu, mzee. Kesho anaenda shule."

"Si baiskeli inaweza ngoja? Maiti haiwezi ngoja."

Nilizifungua mwenyewe. Walipomaliza hotuba za ukoo waliendelea na kwaya, na kwaya ilipochoka vijana wakaweka kanda za muziki, maana spika ilikuwepo na betri zilikuwepo. Zilirudi zimenyonywa kabisa. Kuzichaji ni kwa mwenye posho mill, kinu cha kusagia unga, Jumamosi tu, anapowasha injini ya dizeli. Asubuhi mke wangu akatoka nazo hivyo hivyo, akitumaini kuna kidogo kimebaki. Hakikubaki. Baiskeli ile ikizima ni jiwe, na alilisukuma jiwe hilo hadi shuleni, akaingia darasani na matope magotini. Mkuu wa shule alitazama saa yake tu.

Walikuja tena baadaye, kwa mazishi mengine, na tena. Kila mara nilijiambia leo nitakataa. Kila mara nilimwona yule mzee na kofia yake mkononi, nikaenda kutafuta spana huku nikitukana kimoyomoyo. Ningeweza kuzificha, lakini kijiji kinajua hata idadi ya kuku wako.

Wiki za mwisho za muhula nilifunga kibanda mchana na nikaivunja baiskeli yote, nikaanza upya. Stata nikaitupa. Badala yake nikatia dainamo ya lori kuukuu, ile mashine ya kuchaji betri ya magari ya zamani. Hiyo ukiipa umeme badala ya kuuomba, inazunguka yenyewe, na haichoki, kwa sababu iliumbwa kuzunguka safari nzima. Gurudumu la nyuma nikalibadilisha kwa spoki nene. Nikachomelea meno ya mnyororo wa pikipiki kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Seng'enge nikaipeleka kwenye boma la ng'ombe inakostahili kuwa, nikaweka swichi mbili: ya kwanza inaita betri moja, ya pili inaziita zote. Vidole viliungua, mgongo ulikataa kunyooka, na mama alianza kuniuliza kama nimekosana na mtu.

Nilipoijaribu nilipanda hadi kwenye mashamba ya viazi bila kukanyaga pedali. Haikulia, haikunuka. Wanawake waliokuwa wakipalilia walisimama na majembe yao wakanitazama nikipita, na mmoja akauliza ni nini inasukuma. Nilifurahi hadi nikaona aibu. Wiki iliyofuata mwalimu alifika shuleni kabla ya kengele, kila siku, na betri zilimtosha wiki nzima. Nilijua nimeshinda. Kilichobaki kilikuwa breki, kwa sababu jioni akiteremka uzito ule ulikula raba za breki kama karanga.

Ndipo siku moja ya shule nikashuka tena Gakoromone kutafuta breki za pikipiki. Niliporudi jioni, baiskeli ilikuwa imesimama uani, kerea tupu, nyaya zinaning'inia. Kumbe sasa wanachukua bila hata kuomba! Niliweka mfuko chini, nikageuka kwenda kwa yule mzee nikazitoe hata kama zimeshafungwa kwenye spika.

Mke wangu alikuwa mlangoni, anamwogesha mtoto kwenye karai.

"Usiende," akasema. "Ni mimi nimewapa."

"Umewapa? Kesho utapanda na nini?"

"Kesho nitatafuta gari. Na Jumapili nahama. Nimechukua ile nyumba."

Nilisema mengi. Nilitaja dainamo, vidole, kibanda kilichofungwa, wateja waliokwenda kwa fundi mwingine. Nilisema sasa inafanya kazi, sasa, baada ya yote hayo, na kwamba huwezi kumwachia mtu amalize ujenzi ndipo umwambie hutaki nyumba. Aliniacha nimalize. Akamtoa mtoto kwenye maji, akamfunga kwa leso.

"Baiskeli ni nzuri," akasema. "Imenifikisha mapema wiki nzima. Nafika mapema, nafundisha, na maziwa yananitoka hadi blauzi inalowa, na mtoto yuko huku na mama yako. Baiskeli haiwezi kunisaidia hapo. Nyumba iko karibu na darasa. Saa nne nitatoka, nimnyonyeshe, nirudi."

Niliyafikiria mambo ya mota kwa miezi, na hilo halikunipitia akilini hata siku moja. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi ya mazishi yote.

"Na mimi?" nikauliza.

"Mkuu hakusema nihame peke yangu. Ni wewe uliamua hivyo. Na hukuniambia, uliniletea baiskeli."

"Watu watasema nimeolewa."

"Watasema. Na leo wana spika na betri."

Sikucheka. Alitaka nicheke, nikakataa. Nilikaa kwenye kigogo cha mlangoni nikatazama ile dainamo. Niliona wazi kwamba Jumapili mtoto atapanda juu na mama yake, na kwamba hakuna kitu kwenye meza yangu ya kazi kinachoweza kuzuia hilo. Ningeweza tu kuchagua nitalala wapi. Mtoto alininyooshea mkono uliolowa na mimi nikaushika, nikiwa bado nimekunja uso.

Nikamwambia mke wangu nitahama. Lakini nikamwambia ajue kabisa kwamba nahama kwa hasira.

"Njoo nayo tu," akasema. "Kuna chumba cha pili."